Kabla ya Kumpiga Mtu Faini, Angalia Tarehe

Ujumbe wa malipo ukisema 5/3/25, kila mtu Mowlem anajua hiyo ni tarehe tano mwezi wa tatu. Kompyuta haijui. Kama imewekwa kwa mipangilio ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku, itasoma tarehe tatu mwezi wa tano, na haitakuuliza kitu.

Tuseme chama hapa mtaani kinachanga shilingi 500 kila mwezi, mwisho tarehe 10, ukichelewa faini ni 100. Mweka hazina anahamisha jumbe za simu hadi Excel kule saiba, kisha anaomba jumla ya kila mwezi. Mama mboga aliyelipa 5/3/25 anaonekana hakulipa Machi. Pesa zake zimerukia Mei. Jirani aliyelipa 14/3/25 hana mwezi wowote, maana hakuna mwezi wa 14. Excel inaiacha tarehe yake ikiwa maandishi tu, na fomula inaipita. Hiyo angalau utaiona: maandishi hukaa kushoto mwa kisanduku, tarehe ya kweli hukaa kulia. Ya mama mboga ndiyo hatari. Imekaa kulia, inapendeza, na ni uongo. Na zinazogeuzwa hivi ni za tarehe 1 hadi 12, yaani hasa za watu waliowahi kulipa!

Kwa maoni yangu, mweka hazina hana haki ya kusoma majina ya wadaiwa mbele ya watu kabla ya kuhakikisha tarehe zake. Jina likishachafuka kwa chama, kulisafisha ni kazi.

Dawa yenyewe ni ya dakika mbili. Kabla ya kubandika, chagua safu ya tarehe uipe aina ya "Text", Excel isianze kukisia. Bandika maandishi matupu. Halafu ingia "Data", "Text to Columns", na hatua ya mwisho uchague "Date" na "DMY". Tarehe ambazo zimeshageuzwa haziponi hivi. Rudi kwa jumbe zenyewe uanze upya. Ukiandika kwa mkono, andika "5 Mar 2025". "Machi" Excel ya Kiingereza haiielewi.

Saa nazo zina mambo yake: 11:50 PM ya tarehe 10 ni saa sita kasoro dakika kumi usiku, na bado ni tarehe 10. Huyo hajachelewa.

Kwa mwenye duka ni kubwa zaidi. Kodi ya TOT, asilimia 3 ya mauzo, hulipwa KRA kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mauzo ya Machi yakihamia Mei, hesabu ya miezi yote miwili imeharibika.

Nasi tunaotuma hizi jumbe tuna la kufanya. Herufi tatu za mwezi hazijazi skrini ya mtu, na statementi inayoanza na mwaka, 2025-03-05, haimpi Excel nafasi ya kukisia.