Msing'oe Jino Lisilo na Kosa

Mwandishi aliyeshauri kwamba maumivu ya shavu yanayopiga kama umeme yatibiwe kwa kung'oa jino anawaumiza watu bure. Ngozi ya uso hupata hisia zake karibu zote kupitia neva ya tano kati ya jozi 12 za ubongo. Neva hiyo ina matawi matatu: la paji, la shavu na la taya ya chini. Haya mawili ya mwisho ndiyo yanayohudumia pia meno, kwa hiyo ni rahisi jino zima kusingiziwa. Mara nyingi tatizo ni mshipa wa damu unaoibana neva karibu na shina la ubongo. Hata meno yote yakitoka, maumivu yatabaki! Anayepigwa na umeme huo kwa kunawa uso tu, aandikiwe dawa ya kabamazepini kabla ya kung'olewa chochote.