UZAMIVU NA KAZI INAYONGOJA

Visiwa vyetu vinazidi kupata vijana wenye shahada ya uzamivu katika sayansi, na hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, hatuna budi kujiuliza: masomo hayo yanawatayarisha kwa kazi ipi?

Mwanafunzi wa daraja hiyo hutumia miaka mitatu, minne au zaidi akichunguza suala moja tu. Anachokipata si kidogo: hujifunza kupima kwa uangalifu, kutoridhika na jibu la haraka na kustahimili jaribio lililoshindwa. Lakini si wote watakaobaki vyuoni. Wengine hukabidhiwa idara, bajeti na watumishi, mambo ambayo tasnifu haikuwafundisha.

Tuchukue mfano wa mwani, unaolimwa Unguja kwa biashara tangu 1989. Kotonii, aina yenye bei nzuri zaidi, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yanayozidi kupata joto. Mtaalamu ataeleza sababu, na atashauri mwani upandwe kwenye kina kirefu. Lakini wakulima wengi ni wanawake, na wengi wao hawana chombo wala hawajui kuogelea. Hapo elimu ya maabara peke yake haitoshi. Yatakiwa kuwasikiliza, kuandika mapendekezo ambayo Wizara inaweza kuyagharimia, na kurudi kijijini kuona matokeo.

Jambo hilo linawezekana. Mbung'o wa mwisho Unguja alinaswa 1996, baada ya madume waliohasiwa kwa mionzi kumwagwa kwa ndege. Ushindi ule haukuletwa na wanasayansi pekee. Walikuwamo pia wafugaji ambao ng'ombe wao walipakwa dawa, wakaguzi wa mitego, marubani na viongozi wa Serikali.

Kwa hiyo tunashauri kwamba kila mwanafunzi wa uzamivu atumie miezi kadhaa ya masomo yake katika idara inayohusika na utafiti wake, na tasnifu yake iambatane na muhtasari wa Kiswahili kwa wale inaowagusa. Nao wakuu wa ofisi wasimpokee mtaalamu kwa kumpa meza na muhuri tu, kisha wakalalamika kwamba elimu yake haina faida.

Mzamiaji hasifiwi kwa kina alichofika, bali kwa kile alichoibuka nacho.