Vipopoo vya Supu, Baina ya Magharibi na Isha



Wiki iliyopita, baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja alitungoja nje ya mlango mpaka wenziwe wote walipokwisha kuondoka. Yeye huuza nguo sokoni, hufunga kibanda saa kumi na moja, na hufika nyumbani Magharibi ikikaribia. Ana watoto wanne, nao hurudi kutoka chuoni wakati huo huo, kila mmoja na njaa yake. Usiku mmoja aliwaandalia boflo na mayai. Mumewe aliitazama sinia, akasema hicho ni chakula cha wagonjwa, akavaa viatu akaenda kula mkahawani. Mama huyu hakuja kushtaki. Alikuja kuuliza swali moja: "Sheikh, napata dhambi?"

Jibu tulimpa pale pale, na twalirudia hapa kwa kuwa twajua hayuko peke yake. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo tuliyosomeshwa na wazee wetu wa pwani hii, kupika si wajibu ambao akdi ya ndoa humfunga nao mke. Imam Nawawi, katika Minhaj at-Talibin, amelifikisha jambo hili mbali kuliko wengi wanavyodhani. Mume anadaiwa nafaka ya mkewe kila siku, mudi 2 akiwa na wasaa, mudi moja na nusu akiwa wa kati, na mudi 1 akiwa hana uwezo. Kisha, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, ni juu yake pia kusagisha na kuokesha. Basi mke anayepika anafanya ihsani, na mwenye kufanyiwa ihsani hushukuru. Wala haikupokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikitia ila chakula hata siku moja. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha akanyamaza.

Hatusemi haya ili sufuria zikauke. Ada ya mama zetu kupikia nyumba zao ni ada njema, na sisi tumekulia humo. Twasema ili mtu ajue anachokipokea ni kitu gani.

Lakini fatwa haiwashibishi watoto. Mama yule alisimama kidogo, akauliza la pili, na sisi twadhani hilo ndilo lililomleta: apike nini siku za kazi, kiwe chakula cha kuitwa chakula, na kiwe mezani kabla ya Isha? Tulimwomba atupe wiki moja. Kwa kweli jibu tulikuwa nalo. Tuliona haya kulisema mlangoni mwa msikiti, kwa sababu tulilipata kwa aibu.

Miaka michache iliyopita mama watoto wetu aliteleza uani, akavunjika mkono wa kulia, akafungwa plasta kwa wiki kadhaa. Sisi, pamoja na vitabu vyote tulivyovisoma, jikoni tulikuwa twajua kuchemsha chai tu. Wiki ya kwanza tuliishi kwa chakula cha majirani, Mwenyezi Mungu awalipe. Wiki ya pili tuliona vibaya. Mama watoto akatuwekea kigoda mlangoni mwa jiko, akakaa, akaanza kutuamuru. Alichochagua kutufundisha ni supu ya kuku yenye vipopoo.

Vipopoo kila mtu hapa avijua: vile viduara vidogo vya unga vipikwavyo kwa tui la nazi, sukari na hiliki, vikaliwa kwa futari. Hivi vya supu ni ndugu zao wa upande wa chumvi. Na jambo la kupika donge la unga ndani ya supu si la kwetu pekee. Watu wa Sham wana shishbarak, vidonge vilivyotiwa nyama na kupikwa katika mtindi. Waturuki wana manti, na wale wa mji wa Kayseri husifu manti ndogo mno, hata husemwa kwamba 40 zienee katika kijiko kimoja. Waislamu wa China hukunja zao kwa nyama ya kondoo. Hizo zote zataka mikono mingi na alasiri nzima, nazo ni za siku ya mapumziko. Vyetu havitiwi kitu ndani. (Tumejiepusha kuviita vidonge tu, kwa sababu tulipowaambia wajukuu kwamba usiku wanakula vidonge, mdogo wao alijificha chini ya kitanda.)

Kwa nyumba ya watu sita, chukua nusu ya kuku wa broila, umkate vipande vidogo. Kuku wa kienyeji ana utamu wake, lakini hangoji Isha. Muache kwa Ijumaa. Muweke katika sufuria pana yenye mfuniko unaobana, pamoja na kitunguu maji kimoja kilichokatwa, punje 4 za kitunguu thomu na kipande cha tangawizi vilivyotwangwa, kijiti kidogo cha mdalasini, pilipili manga, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba, na chumvi. Ongeza karoti 2 na kiazi kimoja au viwili. Tia maji lita 2. Muadhini akiadhini Magharibi, sufuria iwe motoni. Mwenye kuswali nyumbani akimaliza faradhi na sunna zake atakuta imeshachemka na kutoa povu. Aliengue, apunguze moto. Kuku wa namna hii hulainika kwa dakika 25 hivi.

Wapo wanaotia vile vipande vya supu vya dukani. Hatuwakatazi, ila wasome karatasi yake na kuangalia alama ya halali, kwani ladha ya nyama iliyomo ni nyama ya mnyama aliyechinjwa na mtu fulani mahali fulani. Na wakivitia, wapunguze chumvi, hasa nyumba yenye mzee wa presha.

Sasa unga, na hapa ndipo tulipoaibika. Vikombe 2 vya unga wa ngano, vijiko vya chai 3 vya beking pauda, nusu kijiko cha chumvi, na dania iliyokatwakatwa ukipenda. Fikicha ndani yake vijiko vikubwa 2 vya samli. Kisha tia maziwa kidogo kidogo, baina ya robo tatu ya kikombe na kikombe kimoja, ukikoroga kwa kijiko mpaka unga ushikane tu. Uwe mzito na wa kunata, usimiminike. Sisi, tukiwa tumewaona mama zetu wakikanda chapati maisha yetu yote, tulikunja mikono ya kanzu tukaukanda unga ule kwa nguvu zetu zote. Mama watoto alituonya mara mbili. Tulimjibu kwamba unga haudhuriki kwa kukandwa. Basi vipopoo vilitoka vigumu hata mtoto wetu wa kiume akauliza kama vimeokotwa ufuoni. Tulivila, kwa kuwa hatukuwa na kingine. Kukanda kunaufanya unga uvutike, na chapati yataka hivyo; kipopoo chataka ulegevu.

Kosa la pili tulilifanya kesho yake. Unga ulikuwa sawa, tukauchota kwa kijiko kilichochovywa kwenye supu ili usigande, tukadondosha madonge ya ukubwa wa nusu ndimu juu ya supu inayotokota, tukafunika. Kisha tukafunua kuangalia. Tukafunika, tukafunua tena. Vipopoo hivi huiva kwa mvuke kutoka juu na kwa supu kutoka chini. Kila ukifunua, mvuke hutoka, navyo hunywea na kubaki vibichi katikati. Moto uwe mdogo, supu itokote polepole bila kuchafuka, na mfuniko usiguswe kwa dakika 15 kamili. Baada ya hapo chana kimoja kwa uma: ndani kiwe kama mkate, si kama uji. Usivirundike pia, maana huvimba karibu mara mbili. Sufuria ikijaa, bora upike kwa mikupuo miwili. Kamulia ndimu, tia pilipili mbichi kwa wanaoitaka, uteke.

Kwa hesabu yetu hiyo ni chini ya saa moja, na muda baina ya adhana mbili hapa kwetu ni saa moja na dakika chache. Na hata ikachelewa, ikaandaliwa wakati wa kukimiwa, Sunna imetupa ruhusa tuanze kwa chakula, moyo usibaki sufuriani hali mwili uko katika safu.

Kuhusu maji, tumetaja lita 2 ilhali kuku ni nusu tu. Unga wa vipopoo huifanya supu iwe nzito, kwa hiyo yahimili maji mengi kuliko supu tupu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuusia Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi aongeze maji yake na awakumbuke jirani zake. Tulikuwa tumeisomesha hadithi hiyo miaka mingi kabla hatujasimama mbele ya sufuria na kuuona wepesi wake: vikombe viwili vya maji, chumvi kidogo, na bakuli la bibi wa nyumba ya pili limepatikana. Wiki ile ya pili tulianza kurudisha mabakuli ya watu, yakiwa na kitu.

Kikibaki chakula, vitoe vipopoo viwekwe mbali na supu, kwa sababu vikilala ndani huinywa yote, na asubuhi utakuta sufuria ya ugali laini wenye mifupa.

Nakala ya maelezo haya tulimpa mama yule kabla ya kuipeleka kuchapishwa, aijaribu kwanza. Alitujibu juzi. Watoto walikula wakaomba tena. Mtoto wa kiume wa miaka 12 sasa ndiye mwenye kazi ya kukoroga unga, na amewekewa saa ya simu ili asifunue. Mume alikula bila kusema neno, akaongeza bakuli la pili, naye pia bila neno. Jikoni bado hajaingia. Mama anasema hana haraka.