Mwenye timu ni shabiki
Klabu ikihamishiwa mji wa mbali, anayeumia kwanza ni shabiki. Wimbledon ya London iliporuhusiwa mwaka 2002 kuhamia Milton Keynes, mashabiki waliikataa, wakaunda AFC Wimbledon mwaka huohuo. Sisi wa Mbita tunawaelewa. Gor Mahia, iliyoanzishwa 1968, ina jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, katika kaunti yetu ya Homa Bay, lakini makao yake ni Nairobi. Jirani yetu SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa 2006, ilitupwa nje ya ligi kuu mwaka 2019 kwa kukosa mechi 3. Leo Homa Bay ina Uwanja wa Raila Odinga. Viongozi wa Gor, leteni huku baadhi ya mechi za nyumbani. Mvuvi wa Mbita naye ni mwenye timu.