Usitupe Termostati

Motokari ikichemka njiani kati ya Likasi na Kolwezi, mara nyingi mekanisiye wa pembeni ya barabara anakata shauri upesi. Anatosha termostati, anaitupa, anasema: «Huku kwetu hakuna teluji, hii haina kazi.» Motokari inatembea, baba wa nyumba anashukuru na kulipa. Lakini hasara inaanza pale, polepole, pasipo yeye kuiona.

Termostati ni mlango mdogo wa maji. Ndani yake kuna kichupa cha chuma chenye nta. Motere ikiwa baridi, mlango unafungwa na maji yanazunguka ndani ya motere tu, ili yapate moto upesi. Yakifika digrii 82 ao 88 (namba yenyewe imechongwa juu ya chuma), nta inayeyuka, inavimba, inasukuma mlango, na maji yanaenda kupozwa katika radiateri. Ukiitosha, motere inakawia kupata moto. Na asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 hapa Katanga ni za baridi kweli. Motere ya baridi inakula esansi nyingi, na esansi isiyoungua inashuka kuchanganyika na mafuta ya motere. Vyuma vinasagana mbele ya wakati. Tena kuna motere ambazo, bila termostati, maji mengi yanapita njia ya mkato pasipo kufika kwenye radiateri. Hizo zinachemka zaidi!

Mbele ya kutumia feza, angalia kama kosa liko kwake. Sindano ya tablo ikipanda sana na huku tuyo kubwa ya radiateri ya juu inabaki baridi, mlango umekwama, haufunguki. Sindano isipopanda hata kidogo, umekwama wazi, ao kuna mtu aliyekwisha kuitosha. Lakini kama mafuta ya motere yamekuwa kama maziwa, usijisumbue na termostati, peleka garaji.

Kazi hii inafanywa motere ikiwa imelala usiku kucha. Nasema tena: kifuniko cha radiateri hakifunguliwi motere ikiwa ya moto. Maji yale yamebanwa, yanaruka na kuunguza uso na macho, na watoto wanapenda kusimama karibu kutazama. Toa maji kiasi katika beseni. Kama mna antijeli, ficha beseni ile: ni sumu, na utamu wake unavuta watoto na mbwa.

Fuata tuyo ya juu mpaka fasi inapoingia katika motere. Katika motokari nyingi, hapo pana kifuniko kidogo cha buloni mbili ao tatu. Termostati iko chini yake. Tazama vizuri ginsi ilivyokaa, kwa sababu upande wa kichupa unaelekea ndani ya motere. Ukiigeuza, motokari itachemka.

Ipime ile ya zamani. Muombe mama sufuria ambayo haipikiwi tena, tia maji, itundike kwa waya, washa makala. Lubumbashi maji yanachemka karibu na digrii 96, si 100, juu ya urefu wa inchi yetu. Lakini hata hivyo termostati nzima inapashwa kufunguka mbele ya hapo. Mpya pia ipime vilevile, maana sokoni kuna nyingi za uongo.

Kwangua mabaki yote ya joa ya zamani, weka mpya. Kama termostati iko na kitobo kidogo, kikae juu, hewa ipate kutoka. Kaza buloni zamu kwa zamu na kwa kiasi. Kifuniko cha aluminiyo kinapasuka upesi. Jaza maji polepole, ya mvua ni mazuri kuliko ya kisima, hayaachi chokaa. Kisha washa motere, kifuniko cha radiateri kikiwa wazi tangu baridi. Tuyo ya juu itakapopata moto kwa mara moja, mlango umefunguka. Maji yatashuka, ongeza, kisha funga.

Siku mbili tatu za kwanza, asubuhi, angalia kiasi cha maji, na chungulia chini kama kuna matone.