Usio wa Dharura si Usio wa Lazima

Wahenga walinena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Korona ilipozuka, hospitali kote duniani ziliahirisha upasuaji usio wa dharura. Watafiti walikadiria mwaka 2020 kuwa oparesheni milioni 28 hivi zingeahirishwa katika wiki 12 za kilele cha janga. Kubadilishwa nyonga au goti kuliwekwa nyuma ya foleni.

Sikatai kwamba vitanda na oksijeni vilihitajiwa na mahututi. Ninachopinga ni dhana kwamba anayengoja habaki na madhara. Mzee wa Galbet ambaye gegedu ya nyonga yake imelika huona tabu kusujudu, na kadiri anavyokaa ndivyo misuli yake inavyodhoofika. Nairobi, aliko daktari bingwa, ni zaidi ya kilomita 300, na tangu Aprili 6 hadi Julai 2020 usafiri wa abiria kuingia huko ulipigwa marufuku.

Naiomba serikali ya kaunti iwe na orodha ya wagonjwa hawa, na iwape mazoezi ya viungo wangojapo, kabla janga jingine halijabisha hodi. Nanyi walimu, wafafanulieni wanafunzi: upasuaji usio wa dharura si upasuaji usio wa lazima.