WEMBE WA NYANYA HAUUZWI KWA KILO

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe mpe. Mimi niliulilia Desemba ya mwaka wa 2024, nikiwa nimekwisha kumaliza Kidato cha Pili, na ndugu wasomaji, sioni haya kusema.

Nilikuwa likizoni kwetu Murang'a. Akapita mnunuzi wa vyuma vikuukuu na mizani yake. Binamu yangu alikuwa amejaza gunia: jembe lililovunjika, sufuria zilizotoboka, sime ya marehemu babu, pamoja na kipande cha chuma kilichochomekwa kwenye paa la jikoni tangu nizaliwe. Kumbe kile kipande ni rwenji, yaani wembe wa Kikikuyu, mali ya mamake Nyanya! Nilipiga mbio nikauchopoa wembe. Sime ilikwenda. Gunia zima, shilingi 200. Jamani!

Nyembe kama ule hazikutoka kiwandani. Zamani wahunzi wa Wakikuyu waliosha mchanga mweusi wa mitoni wenye chuma, wakauyeyusha kwa makaa huku mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikipuliza, kisha wakakifua chuma hadi kikawa kisu, mkuki au wembe. Mhunzi aliheshimiwa na laana yake iliogopwa mno. Kwa Wamaasai mambo yalikuwa kinyume: mhunzi alidharauliwa na watu wa koo nyingine hawakukubali kuoana na ukoo wake, ilhali morani hangetembea bila sime aliyofuliwa na mhunzi huyo huyo. Mambo haya yote yamo katika chuma kimoja, nasi twakipima kwa kilo.

Najua wapo watakaosema, "Ati wakusanya visu, wataka kuwa jambazi?" La hasha! Hoja hiyo hainisumbui. Iliyonisumbua ni ya baba mdogo. Aliutazama ule wembe akasema, "Hicho ndicho walichokuwa wakiwakatia wasichana. Kitupe chooni."

Nilikosa la kujibu, maana ni kweli. Jomo Kenyatta katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka wa 1938 aliutaja rwenji kuwa ndio wembe wa ngariba. Leo ukeketaji ni hatia chini ya sheria ya mwaka wa 2011, na mimi msichana nashukuru kukua chini ya sheria hiyo. Kwa nini basi nihifadhi kitu kama hicho?

Nyanya alikuwa akichambua maharagwe. Alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Huo ulininyoa nilipokuwa mchanga. Ukanikata pia nilipokuwa msichana. Mkiutupa, wajukuu wangu wataniamini?" Baba mdogo akainamisha kichwa. Wembe ukabaki.

Tangu siku ile nimeshika msimamo huu: hatuhifadhi visu vya kale kwa sababu ni vizuri tu. Twavihifadhi kwa kuwa ni mashahidi, wa mema na wa mabaya. Shahidi hatupwi kwa kuwa ushahidi wake unauma.

Watafiti wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya wamehesabu zaidi ya vitu 32,000 vya kwetu vilivyo katika makumbusho ya ng'ambo, na mwaka wa 2021 palifanyika maonyesho jijini Nairobi kuhusu jambo hilo. Tunalalamika, na tuna haki. Lakini sime ya babu hakuiba mzungu. Tuliipeleka mizanini wenyewe!

Sasa nina vitu vitatu: huo wembe, kisu cha jikoni kilichofuliwa kwa springi ya lori, na wembe wa kukunja nilioachiwa na jirani yetu, kinyozi mstaafu, wenye neno Sheffield ubavuni. Sivinoi wala sivisugui kwa msasa, kwani alama za nyundo zikifutika hazirudi. Navipangusa kwa kitambaa kikavu, navipaka mafuta kidogo, wala siviachi ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hushika unyevu ukaleta kutu. Na tafadhali, mtalii akikupa noti nono, kumbuka kwamba kitu cha kabla ya mwaka wa 1895 sheria haikiruhusu kutoka nchini bila kibali.

Simwombi mwalimu wa zamu aturuhusu kuleta visu shuleni. Tutafukuzwa sote, na itakuwa haki yetu! Naomba chama chetu kianzishe daftari. Kila mwanachama aende nyumbani, achore kisu, wembe au sime iliyopo, aulize nani alikifua, nani alikitumia na kwa kazi gani, na kinaitwaje kwa lugha ya mama. Chuma kibaki nyumbani, habari zije shuleni. Lakini fanyeni upesi kabla ya yule bwana wa mizani kupita, na kabla ya nyanya zetu kutuacha.

Hapa naiweka kalamu yangu chini. Anayetaka kunipinga, ukumbi wa mjadala ni Alhamisi.